Chombo cha Mtu Hakirudi Kitupu

Jumatatu baada ya harambee, stoo ya duka langu ilijaa vyombo vya watu: mabeseni, sufuria, vikapu vya ukindu, na ekee kadhaa, vile vikapu vidogo tunavyoandalia ugali wa wimbi. Hapa Magwagwa mtu haleti bahasha peke yake. Analeta maharagwe, mayai, mkungu wa ndizi. Vinanadiwa pale pale uwanjani, na anayenunua mara nyingi hukirudisha alichonunua kinadiwe tena. Jogoo mmoja aliuzwa na kuuzwa mpaka nikamwonea huruma. Tuliifanya Jumapili alasiri, Waadventista wakiwa wamemaliza Sabato yao jana yake na Wakatoliki wakitoka misani, ili pasiwe na mwenye kisingizio. Mvua ilinyesha na watu hawakuondoka. Kile chumba cha mazoezi cha watoto wenye ulemavu tulichokuwa tukikichangia, kando ya zahanati, kikapata pesa za paa, sakafu na mlango. Aliyeshika kipaza sauti siku hiyo ni mimi, na nilikishika vizuri.

Mwenyekiti wetu wa harambee, mtu wa benki mjini Kisii, alituma shukrani kwenye grupu la WhatsApp jioni ile ile, pamoja na vile vikaragosi vya mikono iliyounganishwa, akasema shughuli imekwisha. Nilimpigia simu. Nikamwambia beseni la mtu halirudishwi kwa WhatsApp. Kwetu ukiletewa kitu ndani ya chombo, unakirudisha chombo kikiwa na kitu, hata kama ni viazi viwili. Ukikirudisha kitupu umemwambia mwenyewe asije tena. Asante ya punda ni mateke, na mimi sikuwa tayari kuwa punda kwa ajili ya mtu yeyote, hata mwenyekiti. Akacheka, akaniambia basi nifanye nitakavyo. Ndivyo ningefanya hata kama hangesema.

Pesa za chumba hatukuzigusa. Niliwaita kina mama wa watoto waliokwisha kuanza mazoezi waje dukani, kila mmoja na alichonacho shambani. Wakaja na mahindi, parachichi, ndizi mbivu, wimbi kidogo. Walikuwa wachache, na hapo ndipo palipokuwa na shida. Daktari wa mazoezi ya viungo, mwanamke anayetoka hospitali ya mjini, alikuwa ametuambia wazi kwamba ataendelea kuja zahanati kila Alhamisi iwapo watoto watakuja. Akikuta chumba kitupu, wakubwa wake watampeleka kwingine. Na sote tulijua watoto wapo. Wamefungiwa. Watu wa vilima hivi wanaweza kukuonyesha ng'ombe aliyevunjika mguu, lakini mtoto ambaye miguu yake haimbebi wanamweka chumba cha nyuma, na mgeni akibisha mlango wanaongeza sauti ya redio.

Aliyekuwa na hofu kuliko wote ni mama mmoja kijana, mchuma chai, mwenye mwana wa miaka sita. Mtoto alikuwa ameanza kusimama akishika kiti. Miaka yote alikuwa akikaa sakafuni, sasa anasimama, na mama yake alijua kabisa kwamba daktari akiondoka, mtoto atarudi sakafuni. Yeye mwenyewe alikuwa akimpeleka zahanati kwa kupitia vijia vya mashamba ya chai alfajiri, amemfunika shuka, ili asikutane na mtu. Hata kwenye harambee alikuja peke yake.

Basi tukiwa tunapanga nani arudishe chombo gani, akasema atazunguka nami, na mtoto atakuja naye. Nilimuuliza kama ana hakika, maana macho ya watu ni mazito.

"Hii vitu walitoa juu yake," akasema. "Wacha wamuone."

Nilimpenda sana msichana yule siku hiyo. Nilitaka kumkumbatia, lakini nilikuwa na sufuria mikononi.

Tulizunguka siku kadhaa, yeye na mtoto mgongoni bila shuka, mimi na vyombo na mdomo wangu. Kila nyumba tulisema asante, tukaeleza chumba kimefika wapi, tukakabidhi. Wengi walimtazama mtoto kisha wakatazama juu, kana kwamba mvua inakuja. Mzee mmoja wa kanisa alimshika mkono mtoto na kumsalimia kama mtu mzima, nami nikamsamehe mzee huyo deni la hotuba ndefu aliyotuchosha nayo Jumapili. Mwanamke mwingine alimuuliza mama, mtoto akisikia, kama huyu anaongea.

"Anaongea ukimwongelesha," mama akamjibu, na akamgeuza ili waonane uso kwa uso. Yule mwanamke ilibidi amwongeleshe. Mtoto akamwomba ndizi.

Mwishowe likabaki beseni moja tu, jeupe, lililoletwa limejaa wimbi safi, uliopetwa ukapeteka. Hakuna aliyelidai. Niliulizia sokoni mpaka nikaambiwa ni la mwanamke anayeishi chini kabisa, karibu na mto, ambaye haji mikutanoni na alimtuma jirani. Tukateremka. Alitupokea nje, akafunga mlango nyuma yake, akatuletea benchi. Redio ilikuwa ikiimba ndani kwa sauti kubwa. Methali ilinijia mdomoni, ile ya mficha maradhi, nikaimeza. Si kila ukweli wa kutupwa mlangoni pa mtu.

Nilimkabidhi beseni lenye mahindi na parachichi, nikamshukuru. Hakunisikiliza. Alikuwa akimtazama mtoto, aliyekuwa ameteremshwa na sasa amesimama, ameshika ukingo wa benchi, anatetemeka na kujivuna.

"Huyu alianza kusimama lini?" akauliza.

Mama kijana akamweleza: mazoezi, kiti, Alhamisi, mafuta ya kumkandia miguu. Alieleza polepole, bila kumhimiza. Mwenye nyumba akalishika beseni kifuani muda mrefu.

"Mimi pia niko na mmoja kwa nyumba," akasema.

Akaingia. Redio ikazimwa. Alipotoka alikuwa amembeba msichana mkubwa, miguu imening'inia, amefumba macho kwa sababu ya jua. Mama kijana akasogea kwenye benchi kuwapa nafasi. Mimi nilikuwa nalia, na sikujificha.

"Hiyo chumba," mwanamke akaniuliza, "huyu anaweza kupata nafasi?"

"Ni yake," nikamwambia. "Umemjengea wewe."

Akaketi, akamweka binti yake mapajani, na hakuna aliyemrudisha ndani.