Mama Niliyempita kwa Baiskeli

Kwenye maombi makubwa ya uwanjani hapa Kolwezi, mwanamke akianguka, watu wa protokole, wale wahudumu wa ibada, humfunika miguu kwa kikwembe. Ni heshima: Roho amemwangusha, basi watu wasimwone mapaja. Mi nimekulia Kapata, mtoto wa shemasi, desturi hiyo niliijua kabla sijajua kusoma. Ndiyo iliyoniponza.

Siku ile tulikuwa waokoaji wanne wa kujitolea, kila mtu na baiskeli yake, maana ambilansi haiwezi kupenya umati namna ile. Kwenye mfuko wangu wa nyuma mlikuwa na bandeji, maji, mashine ya kupima sukari, na glukozi. Jua kali, vumbi hadi kwenye meno, nami na kengele yangu najiona mtu mkubwa kweli.

Karibu na spika nikamwona mama mmoja amelala kifudifudi, kikwembe cha kijani miguuni. Nikasimama. Dada wa protokole akaniambia kwa upole:

"Muache tu, tata. Roho iko natumika."

Kama Roho anafanya kazi, basi; nikaenda zangu. Nilikuwa nimeona jasho shingoni mwake, lakini nani hakutoka jasho siku ile? Nilipopita mara ya pili alikuwa anatetemeka. Hilo nalo nililizoea tangu utoto, wakiguswa hutetemeka. Lakini nisijidanganye: moyo uliniambia shuka. Sikushuka kwa sababu niliogopa macho ya watu. Wangesema mtoto wa shemasi hana imani, anampima Roho sukari. Aibu tu, hakuna kingine. Mjinga mimi.

Mara ya tatu alikuwa ametulia kabisa. Nikaitupa baiskeli, nikamtoboa kidole. Sukari ilikuwa chini hata mashine ikashindwa kutoa namba. Rafiki yake alishuka jukwaani kwenye kwaya, akaja mbio, akasema mama ana ugonjwa wa sukari, amefunga siku tatu, na asubuhi alijidunga dawa yake ya kushusha sukari kama kawaida. Nikampaka glukozi ndani ya shavu. Tukambeba. Alikata roho kabla hatujafika kwenye geti.

Wanasema majuto ni mjukuu. Huyu wangu nalala naye, naamka naye. Glukozi ile, ingeingia mapema, mama yule angerudi nyumbani kwa miguu yake.

Nilienda kwenye kilio nikiwa nimejipanga kusema yote. Njia nzima nilikuwa nayarudia maneno. Mume wake, mzee aliyestaafu kazi ya mgodi, aliinuka aliponiona na fulana yangu ya uokoaji, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Banishaelezea, mutoto wangu. Ulipita kumuangalia mara tatu. Aksanti kwa kumuchunga."

Watu wote wa kilio walikuwa wananitazama kwa shukrani. Nikasema, "Aksanti, tata," nikakaa kwenye kiti alichonipa.