Werema Aingia Ziwani, Mama Mkwe Akiwa Ufuoni

Mbita bado ni giza, lakini kwa Mohamednur mwoka mikate tanuri limeshawaka na mkate wa kwanza umeshatoka. Werema Muniko anaupokea mlangoni ukiwa moto, anaupanga kwenye kreti, anapandanisha kreti nyuma ya baisikeli, kisha anafunga mzigo wote kwa tyubu kuukuu. Anaivuta, anaujaribu mzigo kwa kiganja, anaivuta tena.

"Ukifunga vibaya, mbwa wa Sindo wanakula vizuri," anasema, wala hacheki.

Baisikeli yenyewe ni Blakimamba, chuma kitupu, haina gia wala huruma. Kwa chuma hicho Werema hupeleka mkate kwenye maduka ya njiani hadi Sindo, na siku za soko hufika Magunga. Siku ikiwa njema hubaki na shilingi mia saba. Siku ya mvua hubaki na matope.

Ana miaka thelathini na sita, mwembamba, mpole, na miguu ambayo milima ya barabara hii imeifanyia kazi. Ungempita njiani usimtazame mara mbili. Lakini mwezi wa pili mwaka huu jamaa huyu aliingia kwenye triathloni iliyofanyika hapa Mbita, ule mchezo wa kuogelea, kuendesha baisikeli na kukimbia mfululizo bila hata kukaa chini: mita mia saba na hamsini ziwani, kilomita ishirini barabarani, na tano kwa miguu.

Haya, watu hushindana kila siku, utasema. Kweli. Ila miaka miwili kabla ya hapo Werema hakuweza kusimama kwenye maji yanayopita magoti.

Yeye si mtoto wa ziwa. Kwao ni Ntimaru, Kuria Mashariki, nchi ya mahindi na ng'ombe, ambako mto ni kitu cha kunywesha mifugo. Alikuja Mbita kutafuta kazi, akampata Benta, binti wa ufuo huu, fundi wa nguo, na hakurudi tena.

"Nilidhani ziwa ni la kuangalia tu, kama vile unaangalia mlima," anasema. "Mlima nani anaingia ndani?"

Mama yake Benta, Scovia Ajwang', huanika omena, dagaa wa ziwa hili, kwenye ufuo ulio chini ya soko. Na aliyeoa upande huu hahitaji kuelezwa hali ilivyo kati ya mwanamume na mama mkwe wake, ambaye Wajaluo humwita maro. Maro huheshimiwa kwa mbali. Hamketi benchi moja, hamtaniani, na mwili wa mmoja haupaswi kuonwa na mwingine. Wakuria nao wana yao ya namna hiyo, na hawaifanyii mchezo.

Werema na Mama Scovia waliishi hivyo miaka mingi, na kwa uzuri kabisa. Salamu zilitolewa kwa umbali, habari zilipita kwa Benta, na kila Jumamosi Werema aliacha mkate kwenye kibanda cha ufuoni na kwenda zake.

Jumamosi moja alikuwa ndiyo kwanza ameuacha mkate huo. Phanice, binti yake wa pekee, aliyekuwa na miaka saba, alikuwa akirukaruka kutoka boti moja hadi nyingine na watoto wenzake. Akateleza. Werema alikimbia, akaingia majini, maji yakamfika magotini, na hapo miguu ikakataa.

"Niliona mkono. Nikaona kichwa. Mimi nilikuwa napiga nduru tu," anasema. "Na mimi ndiye baba."

Aliyeingia ni Mama Scovia. Alitupa leso mchangani, akaingia na gauni lake, akapiga maji hadi kwa mtoto na kurudi naye begani. Alipotoka, gauni lilikuwa limemganda mwilini, kitambaa cha kichwa kimekwenda na maji, na mbele yake, hatua chache tu, alikuwa amesimama mkwe wake. Phanice alitapika maji, akalia. Alikuwa mzima. Werema alimpokea huku macho yake yako chini. Mama Scovia aliokota leso, akajifunika, akaondoka bila kusema neno.

Neno hilo halikuja wiki hiyo, wala mwaka huo. Hakuna aliyekuwa na kinyongo, na hilo ndilo lililofanya mambo kuwa magumu. Mama aliona haya kwa kuonekana vile. Werema aliona haya kwa kumwona, na tena kwa sababu iliyofanya amwone. Mama akabadilisha njia ya kwenda sokoni. Werema akawa anamtuma Phanice na ule mkate wa Jumamosi. Shukrani ambayo mtu huitoa hata kwa mpita njia aliyemwokotea kofia ilimkaa kifuani.

"Ningemwambia nini? Asante Mama kwa kufanya kazi yangu?"

Benta alijaribu kuwasogeza karibu, akachoka. "Watu wakigombana unawapatanisha," anasema, sindano mkononi. "Hawa hawakuwa wamegombana. Sasa ningeanzia wapi?"

Ndipo Werema alipomwendea rafiki yake Levis, fundi wa injini za boti, akamwomba mambo mawili: amfundishe kuogelea, na Mama Scovia asijue. Wakawa wanakwenda Jumapili, siku isiyo na mkate, kwenye kipembe cha ziwa nje kabisa ya mji ambako hakuna anayewafahamu isipokuwa mwenye mbuzi.

"Huyu jamaa alikuwa anaogopa hadi povu," Levis anasema. "Tulikaa mwezi mzima tukipuliza mapovu tu. Nikamwambia, buda, ziwa halikujui, halina ubaya na wewe. Lala juu yake."

Akalala juu yake. Ilichukua muda, na alimeza maji ya kutosha kumwagilia shamba, lakini alijua. Hadi leo huogelea shingo nje muda wote, kama mtu anayemtafuta mwenzake sokoni.

Mashindano yalipotangazwa, Levis ndiye aliyemwandikisha. Werema hakukataa, na wala hakuwa na tamaa ya zawadi. "Nikiogelea kule kwa mbuzi, nani atajua?" anasema. "Nilitaka habari imfikie mama kwa mdomo wa watu, kwamba Baba Phanice sasa anaweza. Ikishamfikia, ningepata uso wa kumwambia asante."

Kabla ya kukubali aliuliza jambo moja tu: waogeleaji wakimaliza wanatoka majini wapi? Akaambiwa ni ufuo wa mbali, nyuma ya rasi, huko hakuna omena wala akina mama. Akaridhika.

Asubuhi ya mashindano aliingia majini akiwa kifua wazi, na kaptura ya Levis iliyombana hata akaona aibu mbele ya Levis mwenyewe. Filimbi ikapulizwa. Vijana walimpita kushoto na kulia, naye akaendelea na mwendo wake, shingo nje. Alipokata nusu ya safari, upepo ulikuwa umegeuka na gugumaji limesukumwa hadi likaziba ule ufuo wa kutokea. Wavuvi waliokuwa wakilinda waogeleaji wakawapungia mikono: msiende kule, njooni huku.

Huku kulikuwa wapi? Werema hakujua. Alifuata wenzake. Nyayo zake zilipogusa mchanga alisimama, akapangusa macho, akaona vyandarua vimetandazwa ufuo mzima, omena zimemwagwa juu yake, na akina mama wamejaa. Katikati yao, mkono kiunoni, alikuwa amesimama Mama Scovia.

Werema alibaki palepale, maji kifuani.

Wengine walitoka, wakapita mbio kwenda kwenye baisikeli zao. Watu wakaanza kumwita: toka, wewe, toka. Boti ya walinzi ikamsogelea, na Levis, aliyekuwamo, akamuuliza kama ameshikwa na misuli.

"Maro yuko pale," Werema akamjibu.

"Mimi pia ni Mjaluo," Levis anasema. "Hicho si kitu unaweza kumwambia mtu apuuze. Hata kama ni mashindano ya nini."

Waliokuja kutoka mjini kutazama hawakuelewa chochote. Mtu amefika, amesimama, hatoki. Werema mwenyewe anasema alikuwa ameanza kupima kama anaweza kuogelea arudi alikotoka. Kutoka mbele ya mama kifua wazi, mapaja wazi, baada ya yale yaliyopita, kungekuwa kumwongezea aibu juu ya aibu. Kurudi nako kungekuwa yale yale ya miaka miwili iliyopita: Werema amesimama majini, ameshindwa, na mama anatazama.

Mama Scovia si mwepesi wa kusema na wageni, lakini kwa hili alisema. "Kwanza nilidhani ni mtu anazama. Nikasogea. Nikaona ni Baba Phanice," anasema, akitazama omena zake badala ya mtu. "Sikuwa najua anajua maji. Hakuna mtu aliniambia. Nikamwona vile amesimama, nikajua ananingoja mimi."

Angeweza kuondoka. Anasema alilifikiria hilo. "Lakini nimemkimbia siku nyingi. Nilikuwa nimechoka."

Kwa hiyo akawageukia wenzake na kuwaambia neno moja: geukeni. Na akina mama wa ufuo ule, wasemaji kama walivyo, waligeuka wote, migongo kwa ziwa na nyuso kwa soko. Asmaa, muuza sambusa aliyekuja kufuata wateja, aliuliza kuna nini. Akaambiwa geuka kwanza, utaelezwa. Akageuka na beseni lake kichwani.

Mama Scovia aligeuka wa mwisho.

Werema akatoka. Maji yalimchuruzika, na alipita kati ya vyandarua akiangalia asikanyage omena hata moja. Njia ya kwenda kwenye baisikeli ilipita nyuma ya mama mkwe wake kabisa. Alipofika hapo alisimama.

"Asante, Mama," aliuambia ule mgongo. "Kwa mtoto."

Mama hakugeuka. Asmaa, aliyekuwa karibu, anasema alimwona akijipangusa uso kwa ncha ya leso.

"Nimesikia, Baba Phanice," akamjibu. "Haya kimbia, umeachwa."

Alikuwa ameachwa kweli. Alipanda baisikeli nyepesi aliyoazimwa na Suleman, mpwa wa Mohamednur, akashika barabara akilia waziwazi, bila kuficha. "Nililia kama mtoto," anasema. "Sikuwa naona barabara vizuri, lakini hiyo barabara naijua."

Pengine anaijua kupita kiasi. Alipofika chini ya mlima wa kwanza alishuka, akashika usukani na kiti, akaanza kuisukuma baisikeli, kichwa chini, kama afanyavyo kila asubuhi akiwa na kreti za mkate. Kijana aliyewekwa pale kuelekeza washindani akamuuliza kama amepata pancha. Werema aliangalia nyuma. Hakukuwa na mkate.

"Miguu ilishuka yenyewe," anasema, na hapa ndipo anapocheka kwa mara ya kwanza. "Huo mlima sijawahi kuupanda nikiwa nimekaa."

Aliupanda akiwa amekaa. Zile kilomita tano za mwisho alizikimbia taratibu, viatu vya kazi miguuni, akamaliza wa tatu kutoka mwisho. Phanice alikuwa kwenye utepe wa kumalizia akimngoja na Benta. Benta anasema mumewe hakuuliza alikuwa wa ngapi. Aliuliza kama mama ameshakwenda nyumbani.

Siku ya tatu, mama alituma ujumbe kupitia Benta. Mtoto afundishwe kuogelea, na baba yake ndiye amfundishe. Tena isiwe kule kwa mbuzi. Iwe hapa, ufuoni, mahali alipozama.

Ndiyo maana kila Jumapili baada ya kanisa utawakuta hapo. Werema yumo majini, maji yakimfika kiunoni, amevaa shati na suruali ndefu inayomtatiza kila anapopiga hatua. Phanice, aliyetimiza miaka tisa, amelala juu ya kiganja chake, akirusha miguu na kulalamika kwamba baba anamshika sana. Ni kweli, anamshika sana. Mtu anayetazama anaona mkono ule ukitaka kuachia na ukikataa.

"Mwaka ujao nitashindana tena," Werema anasema. "Lakini kwanza huyu afike ile boti ya pili na arudi, mimi nikiwa nimeweka mikono nyuma. Hiyo ndiyo shida yangu. Yeye yuko tayari. Ni mimi bado."

Nyuma yao, juu kidogo ya mahali mawimbi yanapofika, Mama Scovia ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mkwe wake yumo majini, nguo zimelowa, kwa hiyo mama ameligeuzia ziwa mgongo, anachagua omena na kutupa zilizovunjika. Huja kila Jumapili, hukaa hivyo hadi wamalize, na huondoka kabla hawajatoka. Anapoulizwa faida ya kuja kukaa mahali asipoweza kumtazama mjukuu wake, haachi kuchagua.

"Namsikiliza," anasema. "Nasikia vile anapiga maji. Yakinyamaza, nitageuka."