Chupa Ndani ya Mpunga

Mke wangu alitoka Dodoma, upande wa Mvumi, na alipoolewa Ifakara alikuta watu tunaojua kilimo kimoja tu: mpunga. Kwao walilima zabibu nyeupe iitwayo Chenini. Baba yake aliikamua mwenyewe, akaiacha ichachuke kwenye mapipa, kisha akaijaza kwenye chupa zilizookotwa popote. Kila baada ya mavuno wakwe walitutumia chupa mbili tatu kwa basi, zimefungwa kwenye kanga kuukuu.

Mimi sikuipenda. Nilisema waziwazi kwamba ni juisi iliyokasirika.

"Wewe unakunywa kama mtu anayezima moto," mke wangu akaniambia. "Ishike mdomoni kwanza."

Nikaishika. Mwaka wa kwanza sikuona kitu. Mwaka wa pili nikaona pera, lile lililoiva la ndani jekundu, na mwishoni uchungu kidogo wa mbegu ya chungwa. Nilipomwambia alipiga makofi. Nilimjengea nyumba ya bati na hakupiga makofi vile.

Basi akaleta pingili za mzabibu kutoka kwao, akazipanda nyuma ya nyumba yetu hapa Lumemo, juu ya tuta la mchanga alilolipandisha mwenyewe kwa jembe. Zikachipua. Kisha mama yake akaugua, naye akaenda kumuuguza mwezi mzima. Nikataka arudi akute maajabu. Nikazungusha kingo za udongo pembeni, jaruba kamili la mpunga, nikamwagilia asubuhi na jioni bila kukosa siku. Aliporudi majani yalikuwa ya njano na mizizi imeoza.

"Umeutengenezea jaruba?" akauliza. "Mzabibu unataka kiu, mume wangu. Nyie watu wa mpunga, mkipenda kitu mnakizamisha."

Alicheka mpaka akakaa chini. Jioni ile hakula.

Wakati huo nilikuwa dereva wa watafiti wa mbu, kila wiki nawapeleka Namawala na mitego yao. Mmoja wao, mama wa Kifaransa aliyejitahidi Kiswahili kuliko wenzake, alinisikia garini nikitaja Chenini, akanishika bega nikiwa naendesha. Kumbe zabibu hiyo asili yake ni kwao, kando ya mto Loire. Aliporudi kutoka likizo alikuja nyumbani na chupa mbili: moja ya kijijini kwao, nyingine ya Afrika Kusini aliyoinunua njiani. Mke wangu akatoa ya baba yake. Tukaziweka kwenye meza ya plastiki barazani, pamoja na bilauri tatu na sahani ya karanga.

Ya Afrika Kusini ilikuwa na ukali safi wa tufaa bichi, na nyuma yake harufu ya mbao, maana tuliambiwa imelala kwenye pipa la mti. Ya Ufaransa ilinitatiza. Ilianza na asali ya nyuki wadogo, ile yenye uchachu, halafu ikaukausha mdomo kama maji ya kisima cha mawe. Ya Mvumi ilikuwa pera lile lile, nyepesi, haina makuu. Zabibu ni moja, ardhi tatu, na kila ardhi imesema lake. Nilijiona msomi siku hiyo, nikala karanga zote.

Mgeni akasema kwao mvinyo huu hutunzwa. Babu yake alikuwa na chupa yenye umri kumzidi yeye mjukuu, na ilikuwa imeongezeka utamu. Mke wangu akatikisa kichwa.

"Labda ya kwenu, dada. Kwenu kuna baridi. Ya kwetu ni ya mwaka huu huu. Ukiiweka, umeikosa."

Niliyasikia yote mawili. Nilikuja kulishika lile lililonifaa.

Mke wangu alifariki miaka mitano iliyopita, kwa ugonjwa wa wiki tatu. Baba yake alikuwa ametangulia, na shamba la Mvumi kaka zake walishaling'oa na kulikata viwanja. Waombolezaji walipoondoka nikakuta chupa nyuma ya kabati. Ilikuwa ya mavuno ya mwisho, yale aliyokwenda kumsaidia mzee kukamua kwa mikono yake. Hapakuwa na nyingine popote duniani.

Sisi wa bondeni, kitu tusichotaka kiharibike tunakifukia kwenye mpunga. Nikaifukia kwenye pipa la mpunga lililo chumbani. Nilijiambia ninamsubiri binti yetu, anayefanya kazi Mwanza, tuinywe pamoja. Alikuja mara mbili. Mara zote mbili nilichota mpunga wa kukoboa kutoka pipa lile lile, mkono ukagusa shingo ya chupa, na sikuitoa. Niliogopa. Ikiisha nitabaki na nini? Nyumba ina vyumba vinne na redio. Nikiamka nikasema neno, ni mimi mwenyewe ninayelisikia.

Tena si mgeni alisema huongezeka utamu? Nikajifariji kwa hilo. Ndizi mbichi tunazifukia kwenye mpunga kwa sababu mpunga una joto, unaivisha. Hata mtoto wa kijijini Idete anajua. Mimi nilikataa kulikumbuka.

Mwezi uliopita, Jumapili baada ya ibada, nilikuwa naondoa mpunga wa zamani ili niweke mpya. Harufu ilinifikia kabla sijaiona chupa. Kizibo kilikuwa kimejisukuma nusu, na punje za pembeni zimelowa zikashikamana. Nikamimina kidogo kwenye bilauri. Rangi ya chai. Nikaishika mdomoni kama nilivyofundishwa, nikafumba macho, nikalitafuta pera. Nililitafuta sana.

Ilikuwa siki.

Nililia, sifichi. Mzabibu wake niliuua kwa maji, mvinyo wake nikauua kwa kuutunza, na mara zote mbili nilidhani nampenda. Nililia mpaka nikasikia njaa, maana tumbo halina adabu. Nikakaanga kambale, nikakata kitunguu, nikanyunyizia ile siki juu yake. Kuimwaga sikuweza.

Simu ikalia nikiwa nakula.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama."

"Unakula nini?"

"Kambale. Nimemtia siki."

"Siki? Wewe tangu lini?"

"Ni ya mama yako," nikasema. Nikamweleza yote: chupa, pipa, na zile mara mbili alizokuja nikaificha. Hakunikatiza.

"Imebaki?" akauliza.

"Nusu chupa."

"Basi niwekee, baba. Nitakuja Krismasi."

Nikaitazama chupa mezani. Kila mwaka alisema Krismasi, na kila mwaka nilimjibu haya, mama, nitakuwekea jogoo.

"Siweki tena kitu," nikamwambia. "Njoo wiki hii."