Kabati za Baba Ukutani kwa Bibi

Nikisikia drili inanguruma kwa jirani, vumbi la chokaa likanijia puani, hucheka kabla sijajizuia. Nakumbuka kabati za baba, na wallahi sijapata kuona vitu vibaya kama vile.

Zilikuwa mbili, nyeupe, za maranda yaliyogandishwa kwa gundi, zimevimba pembeni kama mkate uliolowa chai. Nyumba ya wageni kule Shela, alikokuwa akibeba mizigo ya watalii, ilikuwa inazitupa. Baba akazipakia juu ya punda, akaja nazo kwetu mjini Amu kifua mbele, ameshajiita fundi. Alitaka kuzitundika ukumbini, kando ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani ambamo bibi mzaa mama alipanga mabakuli yake ya kale.

Nyumba ilikuwa ya bibi. Kwetu nyumba humfuata binti, mume ndiye anayehamia, na baba alihamia kutoka kisiwa cha Ndau. Bibi hakumtukana hata siku moja. Alimwita Bwana Athumani kwa adabu iliyokata kuliko matusi, nami, msichana wa miaka tisa, nikajifunza kumtazama baba kwa jicho lilelile.

"Bwana Athumani," bibi alimwambia, "ukuta huu ni matumbawe na chokaa, hautaki skurubu. Au wazee waliotia zidaka hawakuwa na akili?"

"Zitashika, Mama. Natia plastiki ndani ya tundu."

"Haya. Yeo Jumatatu. Zikisimama hata Ijumaa, nitatia mabakuli yangu. Zikianguka, usiguse tena ukuta wangu." Kisha akamgeukia mama, akasema kwa sauti ya kusikika, "Mumeo ana kitwa kigumu."

Baba alitoboa asubuhi nzima. Kila tundu lilimwaga unga mweupe likapanuka, akalijaza saruji, akatoboa tena. Saruji juu ya chokaa! Hata sisi watoto tulijua hazielewani. Alipomaliza, kabati moja ilikuwa chini ya mwenzake kwa vidole viwili, naye akarudi nyuma kuzitazama, nywele zimejaa vumbi, anatabasamu peke yake. Bibi aliyaambia maboriti ya dari kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Jumanne zikasimama. Jumatano zikasimama. Alhamisi baba aliamka anapiga mluzi, nami mluzi ule ulinikera. Sikutaka ashinde. Mtu kama yule amshinde bibi kwa takataka za Shela?

Baada ya Alasiri nilijikuta peke yangu ukumbini. Nikafungua mlango wa kabati ya chini, nikaushika kwa mikono miwili, nikaning'inia. Kabati haikuja upesi. Nilijitingisha mara ya pili, ya tatu, ndipo ikang'oka na kipande cha ukuta, nami nikabaki na mlango mikononi.

Baba ndiye aliyeingia kwanza. Alinitazama, akautazama mlango. Nilifumba macho nikingoja kofi. Akaniondolea mlango ule taratibu, akaulaza sakafuni, na bibi alipofika akasema, "Nilipima vibaya, Mama. Ni makosa yangu."

"Zoa vumbi, Bwana Athumani."

Akachukua fagio akazoa. Ile ya pili aliifungua mwenyewe jioni ileile. Nami nikazidi kumdharau. Mwanamume gani huyu, nilijiuliza, hata kumchapa mtoto hawezi? Tangu siku ile hakugusa ukuta wa nyumba ile. Hata pazia la chumba chao aliitwa fundi kulitundika.

Alifariki mwaka juzi. Nilipoingia chumbani kukusanya nguo zake, nilizikuta zote ndani ya begi moja chini ya kitanda, kanzu na vikoi, zimekunjwa kama za mgeni anayeondoka kesho. Alikuwa ameishi humo zaidi ya miaka thelathini. Nilikaa sakafuni na begi lile mapajani, nikajiona mtu duni kabisa. Baba alitaka kitu chake kimoja tu kishike katika ukuta ule, na kilikuwa kimeshika. Mimi ndiye niliyekiangusha.