Ndama wa Majani ya Ngano

Mama mkubwa Bhateri alikuwa binti wa tano kwao, na jina lake kwa lugha yetu ni kama kusema "wametosha". Tangu aolewe hapa kijijini, mali yake ni moja tu: Kajri, nyati wa maziwa, mweusi wa kung'aa, pembe zimejikunja kama konokono.

Ndama wake alipokufa, Kajri aligoma. Kiwele kimejaa hadi kinametameta, lakini hatoi hata tone. Baba mkubwa Ramphal akatangaza, "Akikataa mpaka jioni, namwita dalali."

"Akija akununue na wewe," Mama mkubwa akamjibu. "Unakula kuliko Kajri."

"Basi tumchome sindano ya kushusha maziwa."

Nikawaka. Nasomea mifugo chuoni, mjini Hisar, na sindano ile naichukia. "Baba mkubwa, huko ni kumpora mnyama!"

"Chuo kimekufundisha makelele tu," akasema, akatoka.

Mama mkubwa alikuwa ameichukua ngozi ya ndama. Akaijaza majani makavu ya ngano, akaishona, akaipaka chumvi, akaisimamisha mbele ya Kajri.

"Unamdanganya, Mama mkubwa."

"Namliwaza. Nishikie ndoo."

Kajri akanusa. Akalamba, taratibu, kisha kwa pupa. Mama mkubwa akakamua, na mara maziwa yakapiga ndoo kwa kishindo.

Kila seli ya Kajri, iwe ya kwato au ya mkia, imebeba jeni za protini ya maziwa. Kote huko zimelala. Ndani ya kiwele tu, kuzaa kunapokaribia, ndipo zinapoamka na kuamuru protini itengenezwe usiku na mchana. Kifo cha ndama hakikuwa kimezinyamazisha. Lakini kiwele kingebaki kimejaa siku kadhaa zaidi, zingelala tena. Yote haya niliyasoma darasani nikayafaulu. Sikujua kwamba maziwa yaliyotengenezwa tayari yanaweza kusubiri ulimi wa mama umguse mtoto.

Nilipomweleza, Mama mkubwa alicheka. "Kwa hiyo hata mkiani yamo maziwa?"

"Maagizo yake yamo."

Akaushika mkia wa Kajri, akautazama hadi nchani.

Dalali hakuitwa. Asubuhi mvua ilianza, nikamwona Baba mkubwa akikimbia uani kumwingiza ndama wa majani bandani. Alikuwa amemkumbatia, kiganja kimoja chini ya kidevu, asije akaumia shingo.