Barua za Mdogo Wangu

Masika moja ya miaka ya vita, hapa Changamwe, tulimpoteza mdogo wangu kwa ugonjwa wa moyo. Leo mjukuu wangu anabandika karatasi kwa gundi ya unga wa muhogo, na harufu yake imenirudisha siku zile.

Mwalimu wangu alikuwa amewaambia wenzangu darasani wamwandikie mdogo wangu barua za kumchangamsha. Walichora kuku waliovaa kofia, wakabandika kwa gundi kama hiyo maua waliyokata kutoka pakiti za chai. Mimi ndiye niliyezipeleka nyumbani. Nilimwonea wivu. Kila asubuhi nilijigusa shingo, lakini sikuwa na homa hata kidogo.

Siku moja nilimtupia barua kitandani.

"Chukua zako. Mimi hata salamu siletewi."

"Basi lala hapa, dada, uwe mgonjwa wewe."

Nikalala, nikajifunika shuka lake. Akajikokota kwa kushika ukuta hadi nje ya mlango.

"Hodi! Barua ya mgonjwa!"

"Karibu. Nisomee, sina nguvu."

Akasoma huku akihema, akitaja jina langu mahali pa lake: "Pona upesi, tukacheze."

Mama akaingia, akamkuta amesimama, akambeba. Akaniambia nitoke kitandani.

"Mama," nikasema, "bado hajamaliza kunisomea."