Zaituni alifungiwa ndani kwa sababu ya kutaja majina ya marehemu

Wakuu, habari za kwenu. Haya niliyaona kwa macho yangu, chumvi nimeiacha jikoni.

Waliokuwepo uani, kule Kasubi: Zaituni mwenyewe, tuliishi naye laini moja ya nyumba kambini, waume zetu askari. Florence, mke wa Musa mtoto wa Zaituni. Mzee Kato, chairman wa LC, yaani serikali ya mtaa. Na mimi Halima.

Musa hakuwepo, ni askari, yuko mbali.

Wiki tatu nampigia Zaituni, simu iko off. Alhamisi nikapanda boda.

Nakuta chairman ameitwa na Florence aandike barua kwamba mama ameharibika akili, apelekwe kijijini kwa watu asiowajua. Chumba cha nyuma kina kufuli. Kwa nje, wakuu. Dirishani sahani ya posho, ugali wa jana, nzi wamejaa.

"Binti, mama amefanya nini?" nikamuuliza Florence.

"Jajja," akaniita bibi kwa Kiganda, "anaongea na wafu. Kila Alhamisi anawaita mmoja mmoja. Mimi nina watoto humu."

Nilikaa chini kwanza.

Sisi Alhamisi jioni tunawaombea dua marehemu wetu kwa majina. Wa kambini tunafuata mpangilio wa nyumba, asisahaulike mtu. Florence katoka kwa walokole, Wakristo waliookoka, hakuna aliyemweleza. Naye hakuuliza.

Nikasogea mlangoni, nikaanza kwa sauti. Nyumba ya kwanza, Amina. Ya pili, Sauda mama wa mapacha. Ya tatu, Yemima mke wa koplo, Mkristo lakini wetu. Ya tano, Khadija.

Ndani kukajibu: "Halima, umeruka ya nne. Sikuzani alikukosea nini?"

Wallahi sikumtega. Nilisahau kweli, mimi ninayejisifu kwa majina.

Chairman akacheka mpaka akashika ukuta. "Sasa barua niandike ya huyu wa ndani au huyu wa nje?" Kalamu akairudisha mfukoni. "Florence, lete ufunguo."

Akatoka Zaituni, amekonda, miguu imevimba, gauni la wiki nzima. Akanitazama. "Na Khadija yu hai, yuko Bombo. Umemzika, mjinga wewe."

Wakuu, nilimkumbatia na harufu yake yote.

Florence akachemsha maji ya kumwogesha, bila kunitazama. Chairman akampigia Musa palepale, kufuli akaondoka nalo.

Nilichojifunza: ukisikia mzee anasema usiloelewa, waulize wa rika lake. Na hata angekuwa amepoteza akili kweli, wa kufungiwa ni mbuzi.

Semeni yenu. Kama humu kuna watoto wa ile laini na nimekosea jina au nyumba, nisahihisheni upesi, nisije nikamzika mwingine.